Kadi Moja kwa Siku, na Isiwe ya Shindano

"Sasa hii ni nini?"

Swali hilo nimeulizwa na rumeti wangu, na mlinzi wa getini aliyenipekua begi, na binamu yangu wa darasa la nne, na mhadhiri mmoja aliyeniokotea kadi iliyodondoka kutoka kwenye daftari. Wote wameuliza kwa sauti ile ile, ya mtu anayehisi anafichwa kitu. Mkononi wameshika kipande cha manila, ukubwa wa postikadi, nusu kijivu, nusu rangi ya matofali, na mstari mweupe umepita katikati kwa haraka kama mtu anayekimbilia daladala. Sio nyumba. Sio bahari. Wala sio mapenzi yaliyonishinda, maana hilo ndilo swali la pili.

Nachora kadi moja ya namna hii kwa siku tangu tarehe mosi Novemba. Ninapoandika haya, katikati ya Juni, zimefika 187. Ukihesabu siku utaona zinapungua 40, na hizo 40 ndizo zilizonifanya nikae chini niandike, pamoja na habari niliyoisikia wiki iliyopita: serikali yetu ya wanafunzi inapanga kuanzisha shindano la ubunifu mwaka ujao wa masomo. Kutakuwa na majaji, zawadi ya pesa, na meza za kuuzia kazi. Nia ni njema, na waliobuni wazo hilo nawaheshimu, wawili kati yao ni washikaji zangu kabisa. Lakini mimi napinga, na napinga nikiwa mmoja wa watu ambao huenda wangeitwa kushiriki.

Niseme kwanza kazi yenyewe ilivyo, maana watu wanadhani inahitaji mambo makubwa.

Manila moja ya steshonari, ukiikata kwa wembe na rula, inatoa kadi 30 hivi. Rangi nilianza na zile za watoto, viduara kumi na mbili kwenye kisahani cha plastiki. Hazifai. Zinapauka, hazifuniki, na brashi yake inamwaga nywele kama paka. Kilichoniokoa ni fundi rangi aliyekuwa anapaka jengo la jirani na hosteli: alinigawia masalia ya rangi nyeupe ya ukutani kwenye kopo la maziwa, akanielekeza hadwea gani wanauza vile vichupa vidogo vya rangi kali ambavyo mafundi huchanganya kwenye ndoo ya nyeupe. Chupa ya nyekundu, ya njano, ya bluu na ya nyeusi. Bado ninazo, hazijaisha. Brashi situmii sana. Natumia kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Inavuta rangi vizuri, inaikwangua, na kingo zake zinatoa mstari ulionyooka kuliko mkono wangu. Pembeni mwa kadi nazungushia selotepu ya karatasi, kisha nikimaliza naibandua polepole na kubaki na ukingo mweupe safi. Hapo pa kubandua selotepu ndipo patamu kuliko pote, usinifiche kama umewahi kupaka kitu chochote maishani.

Sheria zangu ni chache. Dakika 20. Rangi tatu, mojawapo nyeupe. Ya jana hairekebishwi. Nyuma naandika tarehe na jambo moja la siku hiyo, basi. "Maji hayatoki tangu asubuhi." "Testi ya takwimu, noma." "Mama kapiga, hakusema kitu, nikajua." Hiyo ya mwisho ilikuwa Machi, na upande wa mbele ni njano tupu na doa moja jeusi pembeni kabisa, karibu lianguke nje ya kadi.

Watu hudhani picha isiyo na kitu inachorwa bila kufikiri: unamwaga rangi, unaita sanaa. Jaribu. Kadi tupu ikiwa mbele yako huna pa kujificha. Ukichora mnazi, hata ukiwa mbaya, mtu ataona ni mnazi na atakusamehe. Hapa una mraba mmoja na mwingine, na ama vinakaa pamoja au vinagombana, na wewe ndiye wa kuona. Halafu rangi zina vituko. Changanya kijivu kwenye kifuniko cha kopo. Pakaza kidogo karibu na nyekundu, uone kinavyoanza kuvuta ukijani. Chukua kijivu hicho hicho, kopo lile lile, kiweke karibu na bluu: kinapata joto, kinaelekea uchungwa. Rangi haikubadilika, jirani ndiye aliyebadilika. Josef Albers, Mjerumani aliyehamia Marekani mwaka 1933, alianza mwaka 1950 kuchora miraba ndani ya miraba na hakuacha mpaka alipofariki mwaka 1976. Alichora zaidi ya picha 1,000, karibu mpangilio ule ule, zikibadilika rangi tu. Niliposoma habari zake mara ya kwanza nilisema huyu mzee alikuwa na lake jambo. Baada ya kadi ya 60 nikaanza kumwelewa.

Turudi kwenye swali. Bibi yangu husuka ukili. Mikeka yake ina zambarau na kijani na rangi ya ukindu wenyewe, mistari inapanda na kushuka, inakutana, inaachana. Nimekaa kwenye mikeka ile tangu sijajua kutembea, na sijawahi kumsikia mgeni akikaribishwa, akavua viatu, akauliza, "Sasa hii ni nini?" Mama zetu wakinunua kanga wanasoma jina, ni kweli, lakini kabla ya jina jicho limeshachagua pindo na mji. Wachongaji wa Kimakonde wana mtindo unaoitwa mawingu, umbo linalojikunja na kujifungua bila kuwa mtu wala mnyama. Nenda pale Mwenge kwa wachonga vinyago utavikuta, na watalii wanalipa. Kwa hiyo tusiambiane kwamba picha isiyo ya kitu ni mambo ya Wazungu. Tumeikalia, tumeivaa, tumebebwa nayo mgongoni.

Swali lile tulifundishwa shuleni. Tulichora chungu, tukachora kikombe, tukachora panzi kwenye Baiolojia tukaandika sehemu zake kwa mistari iliyonyooka, na alama zilitoka kwa kufanana. Ukikosea miguu ya panzi umekosa alama. Sawa, panzi ana haki zake. Lakini ndiyo maana mtu mzima wa mwaka wa tatu akiona rangi mbili kwenye kadi anatafuta kwanza alama zinatolewa wapi.

Na hapo ndipo kwenye ugomvi wangu na shindano.

Angalia siku yako. Kozi ina alama, semina ina mahudhurio, kazi ya kikundi ina alama hata kwa yule ambaye hajatokea. Bumu linaingia kwa saini. Hata mtandaoni picha yako ya kifungua kinywa ina idadi ya waliopenda. Mimi mwaka wa pili uliniishia na sapu mbili, na likizo ile yote sikufanya kitu ila kurudia desa na kujipimia, leo nimesoma kurasa ngapi, jana ngapi, mwenzangu ngapi. Nilizifaulu. Lakini niliporudi chuoni nikagundua siwezi tena kufanya jambo lolote bila kusikia mtu kichwani anasahihisha. Nikipika wali naona GPA. Nilianza kadi kwa sababu nilitaka dakika 20 ambazo yule mtu ametoka nje kuvuta hewa.

Sisemi uchoraji ni dawa. Kuna siku za Februari, wakati wa UE, nilichora kadi nikarudi kitandani nikiwa na hofu ile ile niliyoamka nayo. Mwenye msongo wa kweli aende kwa washauri nasaha, asidanganywe na kopo la rangi. Ninachosema ni kidogo kuliko hapo: siku kama zile, kuna kitu kimoja tu nilichokianza na kukimaliza, hakuna aliyekisubiri, na kilikuwa kibaya, na hakuna kilichotokea. Kwa mtu aliyeishi mwaka mzima akiogopa kukosea, hiyo si habari ndogo.

Mwanzoni nilijiona nimebuni kitu. Kumbe wapo. On Kawara, Mjapani aliyeishi New York, alianza tarehe 4 Januari 1966 kuchora picha zenye tarehe ya siku hiyo tu, na sharti lake lilikuwa kwamba isipokamilika kabla ya usiku wa manane anaiharibu. Aliacha karibu picha 3,000. Gawanya kwa miaka yote ile mpaka alipofariki mwaka 2014: unapata 60 na ushee kwa mwaka. Yaani hata yeye hakuchora kila siku. Sijui kwa nini hesabu hiyo inanifurahisha hivi.

Ninayempenda zaidi ni Etel Adnan, aliyezaliwa Beirut mwaka 1925. Alikuwa anafundisha falsafa kwenye chuo kimoja California, na hajawahi kuchora. Mwalimu mwenzake wa sanaa akamuuliza, unawezaje kufundisha falsafa ya sanaa na wewe mwenyewe huchori? Akajibu kwamba mama yake alimwambia ana mikono mizito. Mwenzake akamuuliza kama kweli alimwamini. Akaanza, akiwa na miaka thelathini na kitu. Alichora picha ndogo ndogo, turubai imelala mezani kama karatasi ya kuandikia, rangi inapakwa kwa kisu, na inaisha kwa kikao kimoja: mraba mwekundu, jua la duara, mteremko wa mlima Tamalpais uliokuwa unaonekana kutoka kwake. Dunia ya sanaa ilimtambua kwa kishindo kwenye maonyesho ya Kassel, Ujerumani, mwaka 2012. Alikuwa na miaka 87. Hebu fikiria angekuwa anasubiri majaji.

Na yupo jirani yetu wa Sudan, Ibrahim El-Salahi. Mwaka 1975 alikamatwa Khartoum akawekwa gereza la Kober miezi sita bila kushtakiwa. Kuchora kulikatazwa. Alichora hivyo hivyo, kwenye vipande vya karatasi ya mifuko ya saruji, na askari akikaribia anavifukia mchangani. Baadaye alichora kazi kubwa sana kwa kuunganisha vipande kimoja kimoja, mbinu iliyotokana na siku zile. Na uzeeni, maumivu ya mgongo yakimzuia kusimama mbele ya turubai, akaanza kuchora kwenye maboksi ya dawa alizokuwa anameza. Simfananishi mwanafunzi na mfungwa, ingawa kuna hosteli ningependa mheshimiwa waziri wetu wa malazi alale siku mbili. Namtaja kwa sababu ya ule ukubwa. Kipande kinachotosha kufukiwa kwa kiganja kimoja ndicho kilichombakizia kazi yake.

Sasa zile siku 40. Saba ni za kawaida: malaria, safari, uvivu. Thelathini na tatu ni kosa langu, na ndio ushahidi wangu dhidi ya shindano.

Mwanzoni mwa Desemba kulikuwa na bashi la kuwakaribisha mwaka wa kwanza. Mshikaji wangu alikuwa na meza ya fulana, akasema leta na vile vikadi vyako tuone. Nikampa 12. Zikauzwa tisa, kwa shilingi 3,000 kila moja. Shilingi 27,000, bumu halijaingia, sitakudanganya kwamba nilisikitika. Tulikula chipsi kuku watu watatu. Siku ya pili dada mmoja wa sheria akanitafuta, anataka 20 za zawadi, "kama ile ya bluu." Nikazitengeneza kwa jioni mbili. Bluu, bluu, bluu, mstari mweupe, bluu. Akalipa zote, akashukuru, na ni mteja mzuri, simlaumu hata kidogo.

Baada ya hapo sikuchora siku 33.

Sio kwamba sikujaribu. Nilikata manila, nilibandika selotepu. Lakini kila nikishika kadi mkono unaenda kwenye chupa ya bluu. Nikiweka njano najisikia napoteza mtaji. Nikajikuta nazipanga zile za zamani kitandani kwa makundi, zinazouzika na zisizouzika, na zile zisizouzika nikaziona aibu, pamoja na ya siku ile maji hayakutoka, ambayo ilikuwa nzuri. Yule msahihishaji alikuwa amerudi, safari hii ana kikokotoo. Nilitoka pale kwa kulazimisha: siku ya 34 nikachora kadi ya kijani kibichi na rangi ya udongo, mbaya kuliko zote 187, nikaandika nyuma, "Hii hainunuliki." Kesho yake nikaendelea.

Hapa naomba nisieleweke vibaya. Kuuza si dhambi. Edward Saidi Tingatinga, mwishoni mwa miaka ya 1960, alichora kwa rangi za mafuta kwenye vipande vya ubao mgumu, kazi zake zikauzwa Oysterbay, na baada ya kifo chake mwaka 1972 ndugu na wanafunzi wake waliendelea mpaka jina lake likawa jina la aina nzima ya uchoraji. Familia ngapi zimekula kwa ajili hiyo? Anayechora ili ale, achore na auze ghali. Na wenzetu wanaosomea sanaa wanastahili maonyesho, wanunuzi, hata hilo shindano, wakitaka liwe lao. Mimi naongelea sisi wengine, wa uhasibu na ualimu na uhandisi wa maji, ambao tukipewa kitu cha kufanya tunauliza kwanza kina alama ngapi.

Nimeshajibiwa tayari kwenye kundi letu la darasa. Mmoja kasema hayo ni mambo ya watoto wa matajiri, mtoto wa mkulima ana muda gani wa kuchezea rangi. Ni hoja nzito, na siwezi kuipuuza kwa sababu kwetu pia ni jembe. Lakini bibi anasuka ukili jioni akishamaliza shamba, na mikeka mingine haijawahi kwenda sokoni, anaigawa. Hajawahi kuambiwa ana tabia za kitajiri. Mwingine kasema wanafunzi wa chuo hiki hawajitokezi bila zawadi. Huyo naomba asimame dirishani kwake saa 11 na nusu jioni aangalie uwanja wa vumbi. Kuna watu 30 pale kila siku, wengine peku, wanagombania mpira uliopasuka ngozi. Nani anawalipa? Ingieni leo mtangaze kwamba kila bao lina zawadi na kila mchezaji atapimwa, muone wiki ijayo watabaki wangapi. Watabaki kumi wanaojua.

Ndivyo shindano litakavyofanya. Litawavuna wale ambao tayari wanajua, majaji watauliza hii ni nini, mshindi atapigwa picha na hundi ya kadibodi, na wale 200 waliokuwa wanafikiria kujaribu watajua rasmi kwamba wao si wabunifu. Mikono mizito, imethibitishwa.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo na nimelipigia hesabu hadwea: ndoo ya lita nne ya rangi nyeupe, vichupa vinne vya rangi, manila 10 ambazo ni kadi 300, selotepu, na ruhusa ya kutumia meza iliyopo. Haifiki gharama ya kukodi spika za bashi moja. Hakuna majaji. Hakuna maonyesho ya mwisho. Mtu anachora, anaandika tarehe nyuma, anaondoka na kadi yake, au anaitupa, ni yake.

Bajeti ikichelewa, na tunajua bajeti zetu, mimi nitakuwa pale hata hivyo. Jumatano, saa 11 jioni, meza ya zege nyuma ya kafeteria, ile yenye mguu mmoja uliomeguka. Manila ninazo za watu kama 15. Rangi ipo. Njoo na kadi yako ya benki ya zamani, na nguo usiyoionea huruma, maana ile nyeusi haitoki kwa sabuni yoyote.